Pale S Iliposimama Sawa

Shemeji yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na akina mama wa mtaani humletea pia masweta ya watoto ayatie majina kwenye kola, maana sweta lisilo na jina halimalizi muhula. Aliolewa na mdogo wangu. Mdogo wangu alipofariki nikabaki mimi wa kupita pale kuuliza hali, kutia mashine mafuta na kunywa chai, na sijawahi kufukuzwa. Kazi yangu ya zamani ilikuwa kuendesha lori la maji kwenye ujenzi wa barabara. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililoniingiza katika habari hii. Mambo ya herufi mimi siyajui sana. Shule tuliachana mapema, bila ugomvi.

Nyumba yake ina vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia, na majora ya vitambaa vya kijivu na buluu yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Cha nyuma alilala mama yake. Mama huyu, kabla miguu haijamkatalia, alikuwa akishinda mlangoni juu ya sanduku lake la mbao, akiwatania wapita njia, mpaka mtaa mzima ukamwita Bibi Sanduku. Viti vilikuwepo. Alisema viti ni vya wageni.

Sanduku lenyewe alipewa na mumewe walipooana. Limepakwa kijani, na juu ya kifuniko pameandikwa SALAMA kwa rangi nyeupe, herufi nene zenye mianya midogo, kama zinavyokuwa herufi zilizopakwa kupitia bati lililotobolewa. Ukiiangalia vizuri ile S ya mwanzo utaona ina kasoro. S ya kawaida tumbo lake kubwa liko chini, kama mtu aliyeketi baada ya kushiba. Hii tumbo kubwa lilikuwa juu na dogo chini, imeelemea mbele, unaogopa itaanguka. Kwa kifupi ilisimama kichwa chini, miguu juu.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa vibao vya barabara, na alitumia mkono wa kushoto. Bibi Sanduku alipomcheka kwamba herufi yake imelewa, alijibiwa kwamba ndivyo mkono wa kushoto unavyoandika, na popote atakapoiona S ya namna hiyo ajue mumewe amepita hapo. Basi yule bwana akaondoka na kambi ya barabara, mkewe akiwa na mimba ya huyu shemeji yangu. Alikuja nyumbani mara chache. Kisha akaja mtu mwingine badala yake, msimamizi mwenye haraka zake, akasema homa imemchukua, wamemzika kambini. Akaacha koti la marehemu juu ya sanduku, akaenda zake. Kambini wapi, hakusema. Na kambi za barabara, mimi nimezikaa, hazina mahali. Barabara ikisogea nazo zinasogea. Leo utakuta mahema na mapipa, ukirudi baadaye utakuta majani.

Kwa hiyo shemeji alikua bila picha ya baba na bila kaburi lake. Alichokuwa nacho ni S. Mama yake alikuwa akimshika kidole na kukipitisha juu ya ile herufi, kutoka juu kwenda chini, akimwambia huyu ndiye baba yako, msalimie. Nadhani hapo ndipo alipopata ule mkono wake wa kutia majina kwenye kola. Watu husifu uzi wake. Yeye akisifiwa huvuta kola nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bibi Sanduku alipoanza kuugua sana, ugonjwa ule ambao watu wa zahanati wanakwambia mpe chochote anachotaka, yeye alitaka kitu kimoja. Alitaka kujua mumewe amelala wapi. Hakutaka supu, hakutaka godoro jipya ambalo kaka yake alilileta kwa mbwembwe. Na wakati huohuo ikasikika kwamba vibao vya zamani kwenye barabara kuu vinang'olewa, vinawekwa vipya vinavyong'aa vikimulikwa na taa za gari. Shemeji alisimamisha mashine katikati ya mshono. Akanieleza mawazo yake huku pini ziko mdomoni, hata nilikuwa naogopa azimeze. Vibao, alisema, viliwekwa kadiri barabara ilivyokuwa inasonga mbele. Basi tuifuate barabara kibao kwa kibao. Pale S itakapoacha kusimama kichwa chini, pale ndipo mkono mwingine ulipopokea brashi, na hapo ndipo baba yake alipoishia. Nikamwambia hesabu hiyo hata mimi naielewa.

Tulikwenda kwa pikapu yangu, ambayo wakati huo ilikuwa bado inawaka kwa kubembelezwa. Njia ile niliwahi kuimwagilia maji katika ukarabati wa baadaye, nikajua vilipo vibao vya zamani, hata vile vilivyofunikwa na vichaka. Kila kibao shemeji alishuka. Alikuwa na futi yake ya kushonea shingoni, ile ya utepe, akaipima S tumbo la juu, akaipima tumbo la chini, kama anayempima mtu suruali. SHULE, kichwa chini. SOKO, kichwa chini. KISIMA, imeliwa na kutu nusu nzima, lakini S yake bado inaonekana, nayo kichwa chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya njia alituuliza kama tunanunua vyuma chakavu. Nikamwambia hapana, mama, tunashonea vibao nguo. Akatikisa kichwa, akawasukuma mbuzi wake mbali nasi.

Kuna kitu nilikisikia kwenye kibao cha SOKO nikadhani kuna mtu mzima amepita nyuma yangu. Shemeji alikuwa amesema shikamoo. Nikageuka, hakuna mtu. Ndipo nikagundua kwamba alikuwa akikiamkia kibao, taratibu, kiganja kimegusa herufi. Toka hapo nikawa nabaki ndani ya gari, najifanya natengeneza kioo.

Tukafika kwenye daraja lililo mbali kabisa, bondeni. Kibao chake kilisomeka DARAJA JEMBAMBA, na chini yake, SUBIRI. S kichwa chini. Tukavuka. Upande wa pili, mbele kidogo, kulikuwa na kibao kingine cha SHULE. Akashuka, akapima, akapima tena. Kisha akakaa chini palepale, kwenye changarawe, na gauni lake la safari. S ilikuwa imesimama sawa, tumbo lake chini, imeshiba.

Tulirudi darajani kwa miguu. Chini ya barabara palikuwa na uwanja tambarare, sakafu ya saruji iliyopasuka, pipa lililotoboka, na mahali fulani mawe yamelala kwa namna ambayo ukitaka kuona kaburi utaliona. Tulitaka kuliona, tukaliona. Shemeji akachota udongo kwa mikono akautia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga.

Bibi Sanduku alifungua lile kopo kitandani, akanusa, akasema mumewe sasa ana harufu ya vumbi, heri zamani alipokuwa ananuka rangi. Tukamweleza kilichoandikwa kwenye kibao cha mwisho. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ndiye niliyesubiri maisha yote," alisema, "halafu yeye ndiye anayeniandikia nisubiri." Baada ya hapo alilia, na ule haukuwa mchezo. Shemeji aliniambia hajawahi kumwona mama yake akimlilia baba, hata siku moja, kwa sababu hakuwa na pa kuelekeza kilio. Sasa alikuwa napo. Akalala na kopo kando ya mto, akaanza kula. Akaanza hata kuwatania tena wapita njia kupitia dirishani, wasiomwona. Na akatoa neno lake: akifa azikwe palepale bondeni, ubavuni mwa mumewe.

Kaka yake, yule wa godoro, alifoka. Alisema hawezi kumtupa dada yake kando ya barabara kama kifurushi kilichoanguka kwenye lori. Walibishana naye siku nzima, Bibi Sanduku akiwa amelala na yeye amesimama, na aliyelala akashinda. Mjomba akakubali kwa sharti moja, kwamba mahali pale pabaki na alama, kusije kukapotea kaburi la pili. Alama iliyokuwepo ilikuwa kile kibao, nacho kilikuwa kwenye zamu ya kung'olewa.

Ndiyo maana tukaenda karakana ya barabara. Natamani tusingekwenda, lakini kwenda kulikuwa lazima.

Mtunza stoo wa pale ni mzee wa rika langu, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na ni mtu mwema. Nalisema hili mapema ili usije ukamchukia. Vibao vipya vilikuwa vimeegemezwa ukutani nyuma yake, bado vina plastiki, herufi zake ni za kubandika. Shemeji alimwomba kibao cha darajani kiachwe, akamwambia ni kwa sababu za kifamilia. Mzee hakuuliza zaidi. Akamwita msimamizi wa kazi, wakazungumza kidogo, ikakubalika: kipya kitawekwa pembeni, cha zamani kisiguswe. Ilikuwa rahisi hivyo. Shemeji alishusha pumzi hata mabega yakaonekana kushuka.

Tulikuwa tumekwisha kuaga. Mzee ndiye aliyeturudisha. Alifurahi tu kwamba kuna mtu anayejali vibao vya zamani.

"Kile cha SUBIRI nakijua sana," alisema. "Nilikipaka mimi mwenyewe, kijana mdogo, ndiyo nimeanza kazi."

Shemeji akamwambia labda amechanganya. Akamweleza, kwa adabu, kuhusu ile S. Mzee akacheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akatuambia tumfuate, kama tunazipenda herufi atatuonyesha zilikotoka.

Ndani kabisa ya stoo, chini ya mabomba na kamba, kulikuwa na kasha la mbao. Lilikuja kwa meli, alisema, kutoka ng'ambo, na ndani yake alfabeti nzima imekatwa kwenye mabati, bati moja kwa kila herufi. Kila bati lilikuwa na kishikio kidogo cha chuma upande wa juu, kimepigwa ribiti, ule msumari wa kugongwa usiotoka tena, ili mtu asichafue mikono kwa rangi. Alituonyesha A, kishikio juu. M, kishikio juu. Kisha akatoa S, akaishika kwa kishikio, akaiinua mbele ya dirisha ili mwanga upite. Tumbo kubwa lilikuwa juu, dogo chini.

Kishikio cha S kilipigwa ribiti upande wa chini. Huko kiwandani kuna mtu siku moja aligeuza bati moja, akagonga, akaenda zake kula. Basi.

"Wote tumeipaka hivyo," alisema mzee. "Unashika kishikio, unalaza bati juu ya kibao, unapitisha brashi. Kishikio kiko juu kwa zote, nani angejiuliza? Na msimamizi wetu alikuwa hataki mtu abadilishe kitu hata akiwa na akili."

Shemeji akauliza kama mtu wa mkono wa kushoto angeipaka tofauti.

"Bati halijui mkono, mama," alisema mzee.

Akaendelea kueleza, maskini, huku akifuta vumbi kwa kofia yake. Lile kasha lilipochakaa wakaletewa jingine, ambalo S yake ilikuwa na kishikio mahali pake. Lilifika wakiwa wamemaliza daraja. Ndiyo maana ng'ambo ya daraja S imekaa sawa. Shemeji akamuuliza kuhusu mpaka rangi aliyekufa kwa homa kambini. Mzee akafikiri kwa heshima. Waliokufa kwa homa walikuwa wengi, alisema, na wa kabla yake yeye hakuwakuta. Walizikwa kila mahali, kule nyuma, popote kambi ilipokuwa. Kisha akampa shemeji lile bati la S liwe zawadi, kwa kuwa lilikuwa linakaa bure.

Tukarudi kwa njia ileile. Tulipita KISIMA, tukapita SOKO, vikiwa bado vimesimama, kila kimoja na S yake kichwa chini, na mimi nikawa naangalia usukani. Karibu na mjini ndipo alipofungua mdomo.

"Nimeviamkia vibao, shemeji," alisema. "Nimeviamkia njia nzima."

Nikabadilisha gia, nikaendelea kuendesha.

Nyumbani mama yake aliuliza kama wamekubali kibao kibaki. Shemeji akasema wamekubali, na huo haukuwa uongo. Angeweza kuishia hapo. Nilimwambia hivyohivyo, uani, kwa sauti ya chini: mwache mama aende na furaha yake, mahali ni mahali. Akaniambia kwamba yeye ndiye atakayebaki, na hawezi kumlaza mama yake peke yake bondeni, mbali na kila mtu, karibu na mapipa, kwa ajili ya ribiti. Zikapita siku kadhaa. Alikuwa anashona, anafumua. Kuna mzazi mmoja alirudisha masweta kwa sababu majina yalikaa mshazari, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba ile.

Alimwambia mama yake asubuhi moja, mimi nimekaa kwenye kigoda cha mlangoni. Bibi Sanduku alikuwa ameanza kuchagua gauni la kuzikwa nalo. Aliuliza, kwa kupita tu, kama wana hakika ule ni mkono wa mumewe. Shemeji akaweka gauni chini, akamweleza yote, kuanzia kasha mpaka daraja, hakuacha kitu. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Akaomba aletewe lile bati. Akalishika kwa kishikio, akalitazama. Akaligeuza, akalitazama.

"Kumbe alinidanganya," alisema.

Shemeji akamwambia hapana, mama, alikuwa anakutania.

"Mimi sikumtania. Mimi nilimwamini."

Kisha akasukuma lile kopo la udongo kwa vidole, kama anavyosukumwa mtoto wa watu aliyepanda kitanda kisicho chake, akasema kalimwageni. Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

Shemeji alitoka nalo akasimama uani. Hakujua pa kulimwagia. Kwenye maua aliona si sawa, jalalani aliona si sawa. Mwishowe alifungua mlango wa mbele akaumwaga ule udongo barabarani, na pikipiki ikapita juu yake hapohapo.

Bibi Sanduku hakukaa sana baada ya hapo. Hakumlaumu mtu. Aliacha tu kula, akaacha kutania, na alipoulizwa anataka azikwe wapi alisema popote. Mjomba aliyepigania sana asizikwe bondeni alilia kwa kushinda. Alizikwa kwenye makaburi ya mji, karibu na ukuta, katikati ya watu asiowajua.

Yule mtunza stoo alitimiza ahadi. Kibao cha zamani bado kipo darajani, na kipya pembeni yake, vyote vinasema SUBIRI. Madereva hawajui kwa nini viwili. Shemeji hajawahi kurudi kule, na amenikataza nisimwambie nikipita.

Limebaki moja, nalisema kwa sababu ndilo ninaloamka nalo.

Palihitajika ubao wa kaburi. Shemeji aliupeleka kwa fundi seremala ukapigwa randa, akaupaka kijani, akaandika jina la mama yake kwa chaki. Kisha akanipa brashi, akaniomba mimi nipake. Jina lina S katikati. Akaniletea bati lilelile, maana herufi nyingine unaweza kuzinyoosha kwa rula, lakini S ni ngumu kwa mkono usiozoea. Tulikuwa uani, mchana, jua zuri. Nilipaka herufi za mwanzo polepole, nikajisifu moyoni. Nikalichukua bati, nikalilaza, nikapitisha brashi, nikaliinua.

Nilikuwa najua. Nilikuwepo stoo, nilikuwepo chumbani, nimeisikia habari ile kuliko mtu yeyote. Lakini mkono ulishika palipokuwa na kishikio.

S ilikuwa imesimama kichwa chini, mbichi, inang'aa. Shemeji aliinama akaitazama. Hakukasirika.

"Hata wewe, shemeji," alisema.

Akaishika futi yake pale shingoni, kama anayetaka kupima, kisha akaiachia.